Aliyewahi kutibiwa saratani akianza kuumwa kichwa, semeni tangu mlangoni (yaliyotukuta Tanga)

#1 Binti_Makorora

Habari zenu wakuu. Humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo naandika kwa sababu ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali lilelile na watu watatu, ugonjwa wa mama ulianzaje na tulifanya nini, na kila nikijibu natoa kipande tu. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Mama yangu anapika vitumbua. Kikaango chake kina mashimo saba, sita yamezunguka na moja katikati, na tangu nipate akili sijawahi kumwona akihesabu. Mkono unajua wenyewe pa kwenda. Ramadhani ya 2024, kumi la mwisho, alasiri moja nimekaa naye jikoni. Namwona anamimina shimo la katikati, anamimina ya kulia, kisha anaweka upawa chini na kushika kijiti cha kugeuzia. Mashimo ya kushoto yako matupu, mafuta ndani yake yanaanza kutoa moshi. Nikamwambia, "Mama, hujamaliza." Akanikazia macho kana kwamba nimemvunjia heshima. "Nimemaliza, huoni?" Nikakizungusha kikaango, upande wa kushoto ukaja kulia. Hapo ndipo alipoyaona. Akanyamaza, akayajaza.

Tukasema ni swaumu na umri. Lakini kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Shaabani. Kilimuuma zaidi alfajiri, akiamka kula daku, na jua likipanda kinapoa. Siku nyingine anatapika mara moja, ghafla, bila kusema tumbo linamsumbua. Mlangoni akawa anagonga fremu kwa bega la kushoto. Na akawa mkali, yeye ambaye watoto wake wanne hatujui kelele yake ikoje.

Dispensari ya kwanza walimpa dawa ya malaria. Ya pili wakasema presha. Wiki tatu zikapita. Huko kote hakuna aliyetuuliza mama aliwahi kuugua nini, na sisi wenyewe hatukusema. Hili la sisi kutosema ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama aliondolewa titi la kulia mwaka 2020, akapewa dripu za kemo (dawa kali za saratani). Waliojua ni marehemu baba, mamdogo na mimi. Kaka zangu waliambiwa ni uvimbe umetolewa, basi. Mama alisema maradhi ya titi ni ya stara, yasitajwe, nasi tukamtii. Miaka ikapita, nguo zikashonwa vizuri, hata mimi nikaacha kuyafikiria.

Tanga yetu mnaijua. Mtu mpole akibadilika ghafla, akianza kuona nusu ya vitu na kugombana na hewa, neno la kwanza ni jini. Shangazi akamleta mzee mmoja wa kisomo. Mzee akaketi, akaomba maji, na kabla hajafungua mdomo kusoma akauliza, "Huyu mama yenu, huko nyuma aliwahi kuugua nini kikubwa?" Mamdogo akaniangalia. Nikasema. Mzee akasoma Fatiha na dua fupi, akafunga kitabu, akasema, "Mpelekeni hospitali leo. Kisomo nitaendelea nacho nyumbani kwangu, hakihitaji awepo." Namwombea yule mzee kila siku.

Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, tulifika Alhamisi. Daktari wa pale alimwambia mama anyooshe mikono mbele, viganja juu kama anapokea kitu, afumbe macho. Mkono wa kulia ukatulia. Wa kushoto ukaanza kushuka polepole huku kiganja kikijigeuza kuelekea chini, na mama mwenyewe hana habari. Kisha akamwambia amtazame puani, akachezesha vidole pembeni. Vya kulia mama alivitaja. Vya kushoto hakuviona hata kimoja. Daktari akanieleza kwamba macho ni mazima, tatizo ni sehemu ya ubongo inayopokea picha za upande huo, na sehemu hiyo iko kulia, nyuma. Nikakumbuka kikaango.

Picha ya CT ikaonyesha uvimbe mmoja, nyuma kulia, karibu sentimita tatu, na kuuzunguka kuna maji mengi. Akaanzishiwa deksamethasoni siku hiyohiyo. Siku ya tatu kichwa kimepoa, mama anaulizia changu wa kukaanga. Sisi tukashukuru, tukadhani amepona. Daktari akatuketisha. Dawa hii inakausha maji yaliyouzunguka uvimbe, uvimbe wenyewe uko palepale. Imetununulia muda wa kwenda Dar, tusiupoteze.

Ninachotaka mtoke nacho ni kimoja. Kama nyumbani kwenu kuna aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, mapafu, figo, utumbo mpana, au ile ya ngozi inayoanza kama doa jeusi (kwetu mara nyingi unyayoni), basi kila mlango wa hospitali mtakaoingia, hata kwa kichwa, hata kwa kizunguzungu, hata miaka kumi baadaye, neno la kwanza liwe hilo. Msisubiri kuulizwa. Stara ya mgonjwa mtailinda mbele ya majirani, mbele ya daktari ifunueni.

Ya Dar nitayaleta hapo chini.

#2 Mzee_wa_Kisosora

Pole sana binti yangu, na Mungu akulipe kwa kuandika. Nina swali la mtu asiyesoma udaktari. Titi limeshaondolewa, limezikwa. Hiyo ya kichwani imetoka wapi? Ni saratani ya pili?

#3 Tabibu_Pwani

Mzee shikamoo. Nijibu mimi, kwa ruhusa ya mwenye uzi. Ni kazi yangu.

Mzee, wewe ni mtu wa Tanga, unajua mkoko unavyozaa. Mbegu yake inaning'inia mtini kama kijiti, inaanguka majini, mkondo unaichukua. Inaweza kuelea wiki nyingi na kuota mbali. Mti wa mama ukishakatwa, ile mbegu iliyokwisha kuondoka haijui. Na ikiota, huko ilikoota itakuwa mkoko tu. Saratani ya titi iliyofika kwenye ubongo ni ya titi. Ukiitazama chembe yake chini ya hadubini utaona chembe za titi, na dawa zake hupangwa kwa kufuata titi. Saratani inayoanza kwenye ubongo wenyewe ni ugonjwa mwingine, na kwa watu wazima hutokea mara chache kuliko hii iliyosafiri.

Inasafiri kwa damu. Mishipa ya ubongo inapotoka kwenye tabaka la juu la kijivu kuingia kwenye sehemu nyeupe huwa inakuwa myembamba sana, na ndipo chembe zinaponasa. Kwa sababu damu nyingi inakwenda ubongo mkubwa, karibu asilimia 80 ya vivimbe hivi viko huko, kama 15 kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, na kama 5 kwenye shina. Ndiyo maana dalili hazifanani. Wa kisogoni anatembea kama yuko kwenye ngalawa. Wa mbele anabadilika tabia. Wa pembeni kushoto anapoteza maneno. Wengine habari ya kwanza ni kifafa, mtu wa miaka 55 ambaye hajawahi kudondoka maishani mwake.

Kuhusu titi, aina mbili zina tabia ya kupanda kichwani kuliko nyingine: ile yenye HER2 nyingi (kipokezi kinachoichochea chembe ikue), na ile isiyo na kipokezi chochote kati ya vitatu tunavyovipima. Kwa hiyo yale majibu ya kinyama cha mwanzo (kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa) ni mali. Mtunze karatasi hiyo kama hati ya nyumba.

Na sasa jambo ambalo hata sisi watabibu tunalisahau. Uvimbe kichwani kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani si lazima uwe saratani. Kuna utafiti maarufu wa Marekani uliochapishwa 1990. Walichukua wagonjwa 54 wenye saratani inayojulikana na uvimbe mmoja kichwani, picha zote zinasema imesambaa. Walipotoa kinyama, 6 walikutwa na kitu kingine kabisa. Hiyo ni Marekani. Huku kwetu kuna kifua kikuu kinachojikusanya kichwani kama donge, kuna tokso, maambukizi ya vijidudu, kwa wenye VVU ambao kinga imeshuka, kuna mabuu ya tegu wa nguruwe kwa mikoa inayofuga. Pale ambapo picha haieleweki na kuna njia ya kufikia, kinyama kichukuliwe.

#4 Msambaa_Mtulivu

Hili la daktari nalithibitisha. Kaka yangu alitibiwa saratani ya utumbo, akapona. Miaka mitano baadaye akadondoka kifafa shambani Lushoto. Picha ikaonyesha madonge mawili, ukoo mzima tukakaa kikao cha kugawana mashamba. Daktari mmoja kijana akagoma kuandika kwamba imesambaa mpaka kinyama kirudi. Kilirudi ni TB. Alimeza dawa mwaka mzima. Juzi alikuwa anachuma pea.

#5 Nahodha_Deepsea

Dada pole, ila niseme ukweli wangu. Baba yetu alikuwa na saratani ya mapafu ikafika kichwani. Tuliuza boti, tukampeleka mionzi Dar. Alirudi amechoka, halali, hali, wiki ya sita tukamzika. Siku hizo zote angekuwa nyumbani anatazama bahari. Mimi mtu akiniuliza namwambia ikishafika kichwani usimtese mzazi wako.

#6 Tabibu_Pwani

Nahodha, pole kwa mzee. Unayosema yana uzito kuliko unavyodhani, na sitayapinga kwa jumla.

Uingereza na Australia walifanya utafiti kwa wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu iliyosambaa kichwani, wale ambao upasuaji haukuwafaa. Nusu walipewa deksamethasoni na uangalizi mzuri, nusu wakaongezewa mionzi ya kichwa kizima. Majibu yalitoka 2016. Mgonjwa wa kati (nusu waliishi zaidi yake, nusu chini yake) kwenye kundi la mionzi aliishi wiki 9.2, wa kundi la pili wiki 8.5. Siku chache tu, na ubora wa maisha haukutofautiana. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa mapafu aliyekwisha dhoofu, kubaki nyumbani na dawa za kumtuliza ni uamuzi wa kitabibu kabisa. Hakuna mtoto wa kujilaumu, kwa kupeleka wala kwa kutopeleka.

Lakini usiwapime wote kwa mzee wetu. Katika ule utafiti wa 1990, wenye uvimbe mmoja waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi waliishi wiki 40 kwa wa kati, na waliopigwa mionzi peke yake wiki 15. Tofauti hiyo mtoto wa mgonjwa anaiona kwa macho. Na tangu hapo dawa zimesogea.

Kwa hiyo nikiletewa mgonjwa nauliza: vivimbe ni vingapi na viko wapi, vimetoka wapi, saratani huko chini imetulia au inaendelea, na mgonjwa mwenyewe anajimudu kiasi gani, anakwenda chooni peke yake, anakula? Mwenye kimoja au viwili, anayetembea, ambaye mwili mwingine umetulia, huyo napigana naye. Mwenye ishirini na kitanda hakimwachi, nampigania kwa namna nyingine.

Ipo pia mionzi inayolenga uvimbe tu, inapita pembe nyingi na kukutana penye uvimbe, ubongo mwingine unabaki salama zaidi. Wazo ni la profesa wa Stockholm, Lars Leksell, tangu 1951. Watu wanaiita kisu, ingawa haikati ngozi. Inafaa vivimbe vichache na vidogo, na inaharibu kumbukumbu kidogo kuliko ile ya kichwa kizima. Ukiwa na nafasi ya kuipata, iulizie.

Dawa za kumeza nazo zipo kwa aina maalumu. Ubongo una ukuta wake, mishipa yake haipitishi kila kitu, ndiyo maana dripu nyingi zinatibu kifua na tumbo lakini kichwa zinakiacha. Trastuzumabu ya HER2 kwa mfano ni molekuli kubwa, inapenya kwa shida. Tukatinibu inapenya zaidi. Kwa saratani ya mapafu yenye kasoro ya jeni la EGFR kuna osimatinibu, nayo inafika kichwani vizuri. Bei zake ni kilio, nalijua hilo, lakini hamwezi kuomba au kutafuta kitu ambacho jina lake hamjawahi kulisikia.

#7 Binti_Makorora

Kaka Nahodha, pole. Nimesoma maneno yako mara mbili nikalia. Mama naye aliniambia hayohayo kabla hatujaondoka: "Nisije nikafia barabarani Segera."

Tulipanda basi Kange alfajiri. Kabla ya picha ya MRI walimpima figo kwanza, kwa sababu ya ile dawa ya rangi inayopigwa mshipani ili vivimbe viwake kwenye picha. Halafu wakasema atoe chuma chote mwilini, mashine ni sumaku. Hereni, bangili, pini za ushungi. Nikadhani tumemaliza. Mama akaniita pembeni, akafungua kanga: kiunoni ana hirizi, kijaluba cha bati kimeshonewa kwenye ngozi, alichovishwa na bibi alipokuwa mwari. Hakuwahi kukivua. Nikamfungulia, nikakifunga kwenye leso, nikakishika mkononi dakika zote arobaini alizokuwa ndani. Niwaambie wenye wazazi wa pwani, ulizeni hili nyumbani kabla, msimsubirishe mama yenu kwenye korido.

MRI ikaonyesha kingine ambacho CT haikukiona. Kidogo, kama punje ya choroko, kisogoni. Daktari alisema ndiyo maana hawapangi tiba kwa CT peke yake wakiweza kuepuka, maana unaweza kumwandaa mtu kwa uvimbe mmoja kumbe ni vitano.

Tukaketi na madaktari. Ule mkubwa wautoe kwa upasuaji pale MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), kwa sababu unabana na unafikika. Ule mdogo na mabaki yoyote vitashughulikiwa na mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kinyama cha ubongoni kikapimwa upya badala ya kutegemea cha 2020, maana vipokezi huweza kubadilika njiani. Cha mama kilirudi kilekile, titi, HER2.

Baada ya upasuaji siku ya pili aliniuliza, "Huyo aliyekaa kushoto kwako ni nani?" Alikuwa mamdogo. Amemwona.

Mionzi ilikuwa mara kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili. Kabla ya kuanza wanatengeneza barakoa. Ni karatasi ya plastiki yenye vitundu vingi, wanailainisha kwenye maji ya moto, wanaifunika usoni ikiwa bado vuguvugu na kuivuta pembeni mpaka inashika pua, paji la uso, kidevu. Ikipoa inakuwa ngumu, ndiyo inayokishika kichwa kisicheze. Mama alihofu kwamba hataweza kupumua. Anapumua vizuri, vitundu vimejaa. Aliomba mhudumu wa kike amvue ushungi, wakamletea. Akitoka kila siku mashavu yake yalikuwa na chapa za vitundu, kama mtu aliyelalia mkeka. Mionzi yenyewe ni dakika chache, haina maumivu.

Kilichofuata ni uchovu. Si uchovu wa kazi, ni mtu anakaa kunywa chai na kikombe kinapoa mkononi. Nywele ziliondoka zote wiki ya tatu. Na kumbukumbu, nisiwafiche, imepungua. Anasahau rakaa. Mwanangu wa miaka tisa anakaa kando ya mswala wake kila Adhuhuri, akizidisha anamgusa kanga.

Tangu upasuaji sasa ni miezi kumi na sita. Kila baada ya miezi mitatu anapigwa MRI. Ya mwisho ilikuwa safi kisogoni, na kule nyuma kuna kovu wanaloliangalia. Sijui ya kesho. Nahodha, mzee wako na mama yangu walikuwa na magonjwa mawili tofauti ndani ya neno moja, ndivyo nilivyomwelewa daktari.

#8 Nesi_Mstaafu_Chumbageni

Wanangu, nimeuguza watu hawa miaka mingi. Niongeze ya nyumbani, maana hospitali mnakaa siku chache, nyumbani mnakaa miezi.

Deksamethasoni ni rafiki mwenye masharti. Mpeni asubuhi pamoja na chakula, na dozi ya pili isivuke mchana, akimeza jioni hatalala. Sukari inapanda, kwa hiyo apimwe hata kama hana kisukari. Mkiona utando mweupe ulimini ni fangasi, inatibika. Mapaja yanaisha nguvu, utamwona anashindwa kuinuka kutoka kibaoni bila kushika kitu, na watu wanadhani saratani imeshuka miguuni. Mwambieni daktari, huenda ni dawa na dozi ipunguzwe. Na jamani, msiikatishe kwa ghafla hata akijisikia mzima. Inashushwa kwa ngazi. Mwili umeshasahau kutengeneza ya kwake, ukiikata siku moja anaanguka.

Kifafa kikija, mlazeni ubavu, ondoeni vitu karibu, angalieni saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimshikilie mikono, msimpe maji. Kikizidi dakika tano, au kikija kingine hajazinduka, ni gari mara moja. Wenye kifafa hupewa dawa kama levetirasetamu kila siku. Ambaye hajawahi kudondoka kwa kawaida haandikiwi ya kinga, kwa hiyo msione mmenyimwa.

Aliyepoteza upande wa kushoto, kama mama yake Binti, sahani yake izungusheni. Utaona anakula nusu ya wali na kusema bado ana njaa, na nusu ya pili iko mbele yake. Kitanda kiwekeni ili mnaoingia mtokee kulia kwake. Siku moja moja kaeni kushoto mkamsemesha, ili ajizoeze kugeuza kichwa.

Na mkifika pale pa kusema hatupasui wala hatupigi mionzi, kuna tiba shufaa, ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso. Kwa watu wa huku, Muheza pale Hospitali Teule wameifanya kazi hii miaka mingi. Mofini ya maji ikinywewa kama daktari alivyoandika inatuliza maumivu na haimmalizi mgonjwa, watu wanaiogopa bure. Inafunga choo, kwa hiyo iende na dawa ya kulainisha.

#9 Mzee_wa_Kisosora

Nesi, hilo la kuzungusha sahani limenichoma. Marehemu mke wangu alikuwa anabakisha nusu ya chakula kila siku, upande uleule, nami nikimgombeza kwamba anachezea riziki. Alitibiwa titi mwaka 2009. Hakuna aliyejua.

#10 Binti_Makorora

Mzee wangu, hukujua. Mimi nilikuwa najua na sikusema.

Walioniuliza gharama inbox: bei zinabadilika, sitaki kuwapa namba ya kuwapotosha. Niseme tu kilichotukausha zaidi ni kukaa Dar, kuliko mionzi. Chumba, nauli za kwenda na kurudi, chakula cha watu wawili, na duka la vitumbua limefungwa. Ombeni mionzi yote ipangwe mfululizo, na mgonjwa wenu asiye na bima aandikishwe ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla ya kuuza chochote. Sisi tulikwenda siku ya tisa, tayari cherehani imeshauzwa.

Na faili. Kuna maabara inaweza kukuambia karatasi ya zamani haipo. Kile kinyama chenyewe huwa kinahifadhiwa kwenye kipande cha nta, kiulizieni hicho.

#11 Mvuvi_wa_Pangani

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Baba mkwe ana miaka 63. Mwaka 2016 alitolewa figo moja, walisema ni saratani, tangu hapo mzima anakwenda bahari. Tangu Jumapili maneno yanampotea. Anataka kikombe anasema kasia. Anajua amekosea, anapiga paja kwa hasira. Leo mkono wa kulia umelegea. Dispensari wamesema ni kiharusi, wametupa aspirini, turudi baada ya wiki. Ile habari ya figo hatukusema, hata sikuiwaza mpaka niliposoma hapa.

#12 Tabibu_Pwani

Kaka, aspirini usimpe kwanza. Inaweza kweli kuwa kiharusi, lakini saratani ya figo inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, na vivimbe vyake kichwani vina tabia ya kuvuja damu. Kiharusi mara nyingi huja kwa kishindo, hiki cha kwako kimekuja kwa ngazi tangu Jumapili. Kichwa kipigwe picha kwanza. Usisubiri wiki, usisubiri kesho. Mlete Bombo sasa hivi, mlaze kichwa kimeinuka kidogo, na dawa zote anazomeza ziwe kwenye mfuko mmoja. Mlangoni sema: alitolewa figo ya saratani 2016, ameanza kupoteza maneno siku nne sasa, mkono wa kulia umelegea. Kwa mpangilio huohuo.

#13 Mvuvi_wa_Pangani

Tumepata Noah ya jirani. Bi mkwe amechimbua sanduku, karatasi ya 2016 imo, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Tumeshapita Kigombe.

#14 Mvuvi_wa_Pangani

Tumefika. Nimesema kama ulivyoniandikia. Daktari ameisoma karatasi amesimama, ameandika CT. Tunasubiri kuitwa.

#15 Binti_Makorora

Mko jengo gani? Natoka Makorora sasa hivi, nakuja na chupa ya chai.